Wenye Hofu Wengi, Wapiga Kura Wachache

Wiki hii maswali yote ya wasomaji ni ya siasa za Kenya. Nimeyachuja nikabakisha haya. Mengine yalikuwa matusi yaliyotiwa alama ya kuuliza mwishoni, na hayo sijibu.

Kura yangu ina faida gani, na mshindi anajulikana kabla hatujapiga? (Msomaji wa Kisauni)

Swali hili haliishi, na kila nikimdadisi muulizaji huwa ni mtu ambaye hakupiga kura. Haya, tulijibu tena.

Kura haihesabiwi Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kujumlishia matokeo ya nchi. Huhesabiwa darasani pale pale ulipopigia, usiku huo huo. Msimamizi wa kituo hukunjua karatasi moja moja, husoma jina kwa sauti, huwaonyesha mawakala, nao huchora vistari vyao vitano vitano kwenye daftari. Wakimaliza, jumla ya kura za urais huandikwa kwenye fomu 34A, mawakala hutia sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa kwenye eneo bunge yamekwisha, Nairobi haina ruhusa ya kuyagusa. Septemba 1 mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wenyewe wa urais. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake fomu za vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Ndiyo, makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo. Mahakama iliwasikiliza na haikushawishika. Huipendi hukumu? Haki yako. Lakini usiniambie hakuna njia ya kujua.

Wizi wa kura hupenda chumba kisicho na watu. Chama chako hakina wakala, au wakala ameondoka saa nne ya usiku kwenda kulala, au ametia sahihi fomu tupu ili awahi matatu. Kakiulize chama chako kina mawakala wangapi waliofunzwa Kisauni, kisha uniandikie tena.

Na kwa kuwa umenichokoza, tuhesabu ya kwetu. Uchaguzi wa gavana wa Mombasa 2022 ulisogezwa hadi Agosti 29 kwa sababu karatasi za kura zilikuja na makosa. Waliojiandikisha walizidi 640,000. Mshindi alipata kura kama 119,000. Waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko waliokwenda vituoni. Tunalia tumeibiwa mji, na wengi wetu siku ile tulikuwa tumelala.

Nimeletewa sauti ya WhatsApp inasema matokeo ya 2027 yamekwisha kuingizwa kwenye kompyuta. Ni kweli? (Msomaji wa Changamwe)

Aliyerekodi amejitaja jina? Basi futa. Na usinitumie mimi.

Mimi ni mtu wa bara, lakini nimeishi Likoni zaidi ya miaka thelathini, watoto wangu wamezaliwa hapa. Je, niwahamishe kabla ya Agosti 2027? (Baba wa Likoni)

Ndugu yangu, swali lako silifanyii mzaha. Umeishi Likoni muda wa kutosha kuikumbuka Agosti 13, 1997: kituo cha polisi kilivamiwa usiku, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na vikaratasi vikatapakaa vikiwataka watu wa bara wafunge virago. Uchaguzi ulikuwa Desemba. Waliokufa katika vurugu zile walizidi mia, waliokimbia makwao ni maelfu kwa maelfu, na hata waliojihifadhi kanisani walifuatwa huko huko.

Jambo moja nimelisema hapa mara nyingi na nitalirudia. Vijana waliotumiwa walikuwa na kilio cha kweli cha ardhi na kazi. Waliowatumia hawakujali ardhi wala kazi zao. Walitaka wapiga kura wa upinzani wapungue Pwani. Tume ya Jaji Akiwumi iliketi mwaka uliofuata, ripoti yake ikafichwa hadi 2002, na hakuna mwanasiasa mkubwa aliyefungwa. Kijana wa Likoni alipata nini? Ardhi hakupata, na watalii walipokimbia, kazi za hoteli zikaenda nao.

Kwa hiyo sikuambii uhame. Nakuambia ufumbue macho. Kijana wa mtaani ambaye jana alikuwa anakopa mahamri, leo ghafla analipia kijiwe kizima chai, muulize nani amemfadhili. Ukisikia mwanasiasa anasema "wageni" jukwaani, rekodi, andika tarehe na mahali, peleka polisi na kwa Tume ya Uwiano na Utangamano, na ubaki na nakala yako. Na hili hukuniuliza: acheni kupanda mabasi kila uchaguzi kwenda kupiga kura ushago. Unaishi Likoni, maji unanunua Likoni, jiandikishe Likoni. Mwanasiasa hamwogopi mpangaji asiye na kura.

Nanyi wenyeji mnaosema hilo ni lao wao: mwanzoni mwa 2008 reli iling'olewa Kibera, barabara za Bonde la Ufa zikafungwa, Uganda ikakaukiwa na mafuta, na makontena yakarundikana Kilindini. Nchi nzima ilipoteza zaidi ya watu 1,100. Hata bila risasi kulia Mvita, kuli wa bandarini alirudi nyumbani mikono mitupu.

Raila hayupo tena. Sasa Pwani tumfuate nani? (Wasomaji wengi)

Kwani ni lazima tumfuate mtu? Swali jingine.

Dada yangu ameolewa Tanga. Kwao hakuna fujo kama hizi zetu. Kwa nini sisi hatutulii? (Bibi wa Mtongwe)

Bi mkubwa, nadhani hukujaribu kumtafuta Oktoba 29, 2025. Siku hiyo ya uchaguzi wao intaneti ilizimwa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Tundu Lissu alikuwa kizuizini kwa shitaka la uhaini, chama chake cha CHADEMA kilikuwa kimezuiwa kushiriki, na mgombea wa ACT-Wazalendo alikuwa ameenguliwa. Rais akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Watu waliuawa, na idadi yao inabishaniwa. Sisi hapa tulikaa tukihesabu masaa tupate habari za jamaa zetu.

Utulivu tuliokuwa tukiwasifia ulikuwa wa watu ambao hawakuulizwa. Mimi nachagua kelele zetu, pamoja na mahakama yake na makamishna wake wanaogombana mbele ya kamera.

Enzi za Moi kulikuwa na adabu. Si bora tupate kiongozi mkali atunyooshe? (Mzee wa Majengo)

Shikamoo, mzee wangu. Lakini wewe mlolongo wa 1988 uliuona kwa macho yako. Watu walisimama foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, kila mtu akaona ipi ndefu, kisha fupi ikatangazwa mshindi. Aliyepita asilimia 70 kwenye mchujo wa KANU, chama pekee wakati ule, alikuwa mbunge tayari, uchaguzi mkuu ukampita juu. Hapa kwetu marehemu Shariff Nassir, kigogo wa KANU Mombasa, alituachia msemo wa "wapende wasipende", na mpaka leo tunauchekea barazani kana kwamba ulikuwa utani. Adabu ile ilikuwa ya watu waliojua kuna vyumba vya mateso chini ya Nyayo House.

Nina miaka 19. Nimeomba kitambulisho, nimeambiwa nilete vyeti vya babu na bibi. Nimechoka. Niache? (Msichana wa Kibokoni)

Usiache, mwanangu. Swali lako ndilo zito kuliko yote ya wiki hii, na ndilo ambalo hutalisikia kwenye mjadala wa televisheni.

Mwenzako mwenye jina la bara hupeleka cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi, akapigwa alama za vidole akaenda zake. Wewe, kwa jina lako na rangi yako, unawekwa mbele ya jopo la wazee uulizwe babu yako alizikwa wapi. Babu aliyezaliwa wakati bendera ya Sultani ikipepea Fort Jesus atakuwa na cheti gani? Mwanzoni mwa 2025 Rais alitangaza kuondoa msasa huo kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Matangazo ya jukwaani huchelewa sana kufika dirishani kwa karani.

Fanya hivi. Ukirudishwa tena, omba sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki hiyo, na ibara ya 12 inasema raia anastahili hati zake. Andika tarehe na ofisi. Karatasi hiyo ndiyo wakili au shirika la haki litakayoanzia. Bila hiyo una malalamiko tu, na malalamiko yamejaa Mji wa Kale. Ukishapata kitambulisho, nenda moja kwa moja ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako ujiandikishe, usingoje msongamano wa mwisho. Na mbunge wako akija harusini, muulize mbele za watu vijana wangapi wa Mvita wamekwama kama wewe.

Mgombea akinipa elfu moja, nile au nirudishe? (Msomaji wa Jomvu)

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humshika anayetoa na anayepokea. Wanaokufundisha "kula huku, kura kule" hawatakulipia wakili.

Vijana wa Juni 2024 wamefanikiwa nini hasa? (Msomaji wa Nyali)

Mswada wa Fedha waliuzuia: Juni 25 waliingia bungeni, kesho yake Rais akasema hatii sahihi, na Julai akawafuta kazi takriban mawaziri wote. Kwa damu ya vijana wengi. Halafu baadhi ya mawaziri wale wale wakarudi, na upinzani, gavana wetu wa zamani Joho akiwemo, ukapewa viti mezani. Hofu yangu ni hapo. Walimfukuza mkubwa mlangoni, akaingilia dirishani, wao wakiwa wameshakwenda nyumbani.

Vijana wale walisoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri, wakaueleza kwa video za dakika moja. Bajeti ya kaunti je? Inapoletwa kwa maoni ya wananchi, ukumbini utawakuta wazee kumi, mama wa vikundi, na kijana mmoja aliyetumwa na mwakilishi wadi kupiga makofi. Tarehe hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wadi, kwa maandishi madogo. Nendeni na miwani. Chai hakuna, na siku hizi hata nauli hawatoi.