Re: Vibao tu havitoshi kulinda mimea ya juu mlimani

Mkuu, umeuliza kama vibao vya "usikanyage" vinatosha kulinda mimea adimu ya juu mlimani. Mi naona hapana, maana wengi hawatoki njiani kwa ukorofi, wanatoka sababu njia yenyewe ni tope, mtu anakwepa pembeni, wa nyuma anafuata, baada ya muda kale kanjia kamekuwa barabara. Kwa hiyo anzeni na njia: mitaro ya kutoa maji, mawe ya kukanyagia, na pembeni pangeni mawe mtu aone mpaka. Huko juu baridi inafanya mmea ukue polepole sana, kamea ka saizi ya kiganja kanaweza kuwa na miaka kibao, na udongo ukishachimbuka mvua inamalizia kazi. Pale Mount Washington, Marekani, kuna kaua ka njano kanaitwa Potentilla robbinsiana, wapandaji walikuwa wanakakanyaga balaa, wakahamisha njia, wakazungushia eneo, wakapanda miche kwingine, na mwaka 2002 kakatolewa kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini. Vibao wekeni tu ila viseme sababu, na msitaje mmea ulipo hasa, wapo wanaokuja kung'oa!