Kambare yuko karibu na miguu yako: kuvua kwa ndoano Simiyu na Mara

Watu wengi wanaokuja kuvua kambare huku kwetu Kanda ya Ziwa wanarusha ndoano mbali mno. Wanasimama ukingoni, wanazungusha mkono kwa nguvu zote, risasi, yaani kile kipande cha uzito kwenye mshipi, inatua huko katikati, kisha wanakaa kumsubiri samaki ambaye yuko hatua tatu tu kutoka walipokanyaga. Nimemvua kambare tangu nikiwa shule ya msingi, kwenye Mto Simiyu na kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, na baadaye kwenye mafunjo ya Mto Mara. Kwa anayeanza nina neno moja kabla ya mengine yote: vua ukingo.

Sababu iko kwenye mwili wa samaki mwenyewe. Kambare, ambaye wengi wetu tunamwita mumi, ana macho madogo yasiyomfaa sana kwenye maji ya tope. Anachotegemea ni sharubu zake nane na ngozi yake isiyo na magamba, ambazo zinaonja maji muda wote. Juu ya mashavu ana kiungo cha ziada chenye matawi, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Kwa hiyo kwenye maji mafupi, mazito, yenye majani yanayooza, ambako sangara angekosa pumzi, yeye anaishi vizuri tu. Na chakula chake kiko hukohuko kando: konokono, vyura, wadudu, samaki wadogo, panzi walioanguka kutoka kwenye nyasi. Mchana anajibanza chini ya mafunjo au kwenye shimo la ukingo. Giza likiingia anatoka, na mara nyingi anasogea hadi maji ya kifundo cha mguu.

Ana pia masikio makali kuliko watu wanavyodhani. Mfuko wake wa hewa umeunganishwa na masikio kwa vifupa vidogo, na kishindo cha mguu wako ukingoni kinamfikia. Ukishakubali kwamba samaki yuko karibu, unaanza kutembea taratibu na kuweka ndoo chini bila kuibamiza, na redio unaiacha nyumbani.

Mahali pa kuweka ndoano unapatambua mapema, jua likiwa bado halijazama. Kiangazi maji ya Simiyu yanapungua sana, mto unabaki mchanga mtupu na madimbwi hapa na pale. Kaa kimya kando ya dimbwi na uangalie juu ya maji. Maji yakiwa mazito kambare hana budi kupanda kuvuta hewa, na kila akipanda anaacha duara linalotanuka, pengine na mapovu mawili matatu. Dimbwi lisilotoa duara lolote kwa muda mrefu, liache. Mahali ng'ombe wanaponywea napo ni pazuri, kwa sababu kwato zinatibua tope na kufukua wadudu. Kwenye ghuba napendelea upande ambao upepo unasukumia mawimbi madogo ufukweni, kwani takataka na chakula vinajikusanya hapo, mradi gugumaji lisiwe limeziba kabisa. Kwenye Mara, kuanzia juu ya daraja la Kirumi, natafuta vichochoro vya maji vinavyoingia ndani ya mafunjo, na naweka ndoano mdomoni mwa kichochoro, sipeleki ndani.

Hapa lazima niseme jambo zito. Huo ukingo, tena usiku, ndio mahali pa kiboko na mamba. Kiboko anatoka majini jioni kwenda kula nyasi na anarudi alfajiri, na anapita njia ileile. Utaitambua: mistari miwili iliyokanyagwa, katikati pamebaki tuta la nyasi, na kinyesi kimetawanywa kwenye vichaka vya pembeni. Mjomba wangu alinishika bega siku ya kwanza tuliyokwenda pamoja, akaniambia, "Mjomba, usikae hapo, hapo ni barabarani kwa mwenyewe." Ukikuta njia hiyo, sogea mbali, kwa maana kiboko akishtuka anakimbilia majini, na aliyesimama kati yake na maji hana pa kupita. Kwa mamba, kaa nyuma ya mstari wa maji mita tatu au nne, tumia ufito mrefu wa mwanzi ili mkono wako usifike ukingoni, na usichuchumae majini kunawa au kupasua samaki. Usikae sehemu moja kila usiku, kwani mamba anajifunza ratiba ya mtu. Ndoano ikinasa kwenye mizizi, kata mshipi. Ndoano moja ni bei ya andazi, na hakuna sababu yoyote ya kuingia majini gizani kwa ajili yake. Wala usiende peke yako. Wenyeji wa mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanajua wiki hii mamba ameonekana wapi, waulize kabla ya jua kuzama.

Kichocho nacho kipo ziwani na kwenye madimbwi. Vimelea vyake vinatoka kwenye konokono wakati wa mwanga, hasa jua likiwa kali, lakini usiku pia usijiamini. Mimi navaa gambuti hata pakiwa pakavu, na nikiona dalili kama damu kwenye mkojo nakwenda zahanati, kwa sababu dawa ipo na inatibu.

Sasa chambo. Kambare anafuata harufu, kwa hiyo tafuta kitu kinachoachia harufu polepole na kisichotoka kwenye ndoano. Nyungunyungu ni wazuri mwanzo wa mvua, ukiwatunga wengi kwa pamoja mpaka wajikunje. Maini ya ng'ombe yanavuta sana lakini ni laini. Yazungushie uzi wa kushonea mara kadhaa, la sivyo ngogo, samaki mwingine mwenye sharubu na miiba, na samaki wadogo watayamaliza kabla mumi hajafika. Utumbo wa kuku unakaa vizuri zaidi. Dagaa wa sokoni, wale walioloweshwa usiku kucha mpaka wakaanza kunuka, natumia kwa namna mbili: wachache kwenye ndoano, na waliobaki nawaponda na pumba, nafinyanga donge na kulitupa pale ninapovulia. Si donge kubwa. Ukimshibisha samaki unampoteza.

Sabuni ya mche pia inafanya kazi, watu wengi wanaitumia, na mimi nimeitumia. Sasa siitumii tena kama nina kitu kingine, kwa kuwa sipendi kuacha sabuni kwenye maji ambayo mtu atachota kesho. Na ule usiku wa kumbikumbi kuruka baada ya mvua ya kwanza, sahau vyote nilivyotaja. Kambare wanawafuata kumbikumbi juu ya maji kabisa. Ondoa risasi, tunga kumbikumbi watano au sita, na uwaache waelee kando ya nyasi.

Vifaa ni vichache. Mshipi wa nailoni wa unene wa nusu milimita unatosha kwa samaki wengi utakaokutana nao, ingawa kambare anaweza kupita urefu wa mita moja, na akiwa wa aina hiyo utashukuru kuwa na mnene zaidi. Ndoano iwe na mdomo mpana wa kupitisha kidole gumba, na iwe kali. Kinywa cha kambare kina mfupa na ufizi mgumu wenye meno madogo madogo, kwa hiyo ndoano butu inateleza. Beba tupa ndogo ya kuinolea mfukoni. Risasi iwe ndogo, ya kushikilia chambo tu, maana hurushi mbali. Tochi ivae kichwani lakini uizime unaposubiri.

Saa nzuri ni kati ya saa moja na saa nne usiku, na usiku wa giza unazidi wa mbalamwezi. Kambare hagongi kwa pupa. Kwanza anagusa chambo kwa sharubu, na mshipi unatetemeka kidogo kwenye kidole. Hapo wengi wanavuta, na wengi wanakosa. Subiri mpaka mshipi uanze kwenda, kwa mwendo mmoja usiokatika, halafu vuta kwa nguvu mara moja. Akishanasa atafanya mambo mawili: kukimbilia matete, na kujizungusha. Usimpe nafasi ya lile la kwanza. Mgeuze kichwa mapema, rudi nyuma hatua kadhaa ukiwa umekaza mshipi, na umburute mpaka kwenye nyasi kavu mbali na maji. Usimnyanyue kwa mshipi akining'inia.

Mshike kwa kitambaa kilicholowa, nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya mapezi ya kifuani. Mapezi hayo yana miiba yenye meno, na ukichomwa utakesha. Ngogo ni mbaya zaidi, kwa sababu yeye ana mwiba mgongoni pia, na akiogopa anaifunga yote isilale. Ukichomwa, osha kwa sabuni, kisha tumbukiza mkono kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, maumivu yanashuka. Kidonda kikivimba siku ya pili, nenda hospitali.

Kambare anaweza kukaa hai nje ya maji kwa saa nyingi ngozi yake ikiwa mbichi. Kumwacha ateseke kwenye ndoo kavu si sawa. Kama unamla leo, mmalize haraka kwa rungu. Kama unataka kumpeleka nyumbani mzima, mweke kwenye gunia lililolowa. Wa kwenye madimbwi huwa na harufu ya tope. Mwache siku moja au mbili kwenye pipa la maji safi bila chakula, harufu itapungua sana. Ute wake unatoka kwa majivu au chumvi. Toa vile vitawi vya juu ya mashavu unaposafisha, kisha msugue ndimu, mbanike juu ya moto wa kuni mpaka akauke, ndipo umuunge kwa nyanya na vitunguu. Mimi simkaangi akiwa mbichi, anatoa mafuta mengi na nyama inalegea. Na kabla ya kumpelekea jirani zawadi, uliza. Huku Mara na Mwanza Wasabato ni wengi, na kwa mujibu wa Walawi sura ya 11 samaki asiye na mapezi na magamba hawamli.

Nimebakiza linaloniuma. Mvua kubwa za kwanza zikinyesha na mito ikatapika kwenye majaruba ya mpunga na mbuga, kambare wakubwa wanatoka ziwani na kupanda. Wanaingia kwenye nyasi zilizofurika, wakati mwingine migongo ikiwa nje ya maji, kwenda kutaga. Jike la kilo moja linabeba mayai makumi ya maelfu. Mayai yananata kwenye nyasi na kuanguliwa ndani ya siku moja au mbili, wazazi hawayalindi, na wale wadogo wanategemea maji yabaki pale mpaka wapate nguvu ya kurudi mtoni. Ndiyo siku hizohizo watu wanaziba kijito kizima kwa uzio wa miti na migono, yaani mitego ya kusukwa, wengine wanashuka na mikuki na mapanga, kila kinachopita kinachukuliwa. Mitaro ikianza kukauka wanachotwa watoto wa kambare kwa chandarua, wakauzwe kuwa chambo cha migonzo ya sangara, ile mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, kwa sababu kambare mdogo anavumilia ndoano muda mrefu bila kufa. Wapo wanaofuga kambare kwenye mabwawa ili kuuza chambo hicho, na nawaunga mkono kwa moyo wote. Kuzoa mbegu ya mto ni jambo jingine. Wanaotumia sumu sina hata la kuwaambia zaidi ya kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inawakataza, na maji hayo yananywewa na watoto wao.

Najua njaa ipo, na najua mtu aliyeona samaki wa kilo nne kwenye jaruba lake hataambiwa asimguse. Ombi langu ni kwa sisi tunaovua kwa ndoano na tunaoweza kuchagua. Jike lenye mayai tumbo linakuwa limejaa na laini, na tundu lake limevimba na kuwa jekundu. Ukimpata, lowesha mikono, usimlaze kwenye mchanga mkavu, toa ndoano kama iko mdomoni, na kama ameimeza kata mshipi karibu na mdomo badala ya kuichokonoa. Mrudishe uso ukielekea kule alikokuwa anakwenda. Mwalo wenye BMU inayofanya kazi, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi mwaloni, toa taarifa ya uzio unaoziba kijito chote. Baadhi yao wanafika siku hiyohiyo.

Halafu subiri. Maji yakianza kushuka, wale wakubwa wanarudi ziwani wamekonda na wana njaa, na wote wanapitia mdomo wa mto. Hicho ndicho kipindi changu cha mwaka. Naweka utumbo wa kuku pale maji ya tope yanapokutana na maji ya ziwa, upande wenye nyasi, ndoano ikiwa mita mbili tu kutoka ukingoni, na mara nyingi naondoka na wa kutosha kabla ya saa tatu usiku.