Ule upanga wa Guangzhou

Mwanangu Mwanaidi,

Picha zako nimezipata. Unauliza kama upanga huo ni wa enzi ya Qing kweli, wale wafalme wa mwisho wa Uchina, tena wa jemadari wao, kama muuzaji anavyoapa. Kabla ya yote: ukiununua, usiusugue!

Wangu unaujua, ule wa juu ya kabati. Niliununua Hong Kong mwaka 1983, meli yetu ilipotia nanga, pale Hollywood Road, kwa mshahara wa mwezi na nusu (mama yako hajanisamehe). Bapa lilikuwa jeusi kwa ukale. Nikalipiga msasa siku tatu baharini mpaka nikauona uso wangu. Safari iliyofuata nikampelekea mzee aliyeniuzia, nijisifu. Akauchomoa, akautazama, akaurudisha alani. Hakunena neno. Akanimiminia chai. Chai ile mpaka leo imenikaa kooni.

Kumbe mafundi wa Kichina walikuwa wakibana chuma kigumu katikati ya vyuma viwili laini, na karibu na makali unauona mstari pale vinapokutana. Wangu nimeuzika chini ya mikwaruzo.

Chuma hakidanganyi, mpini ndio unaodanganya. Mmenisikia nikisema hivyo tangu utoto wenu, hata kwa visu vya Idi. Basi achana na majoka ya shaba yaliyopamba mpini. Pima unene wa bapa karibu na mpini, kisha karibu na ncha. Upanga wa vita huanza mnene ukapungua. Wa pambo mara nyingi ni unene mmoja. Halafu mwisho wa mpini: zamani chuma kilipenya mpini wote, kikapondwa kwa nyundo kule nyuma. Kwenye picha yako naona nati. Ila mpini hubadilishwa, nati ikatiwa juzi kwenye bapa la kale... haya, nimejipinga mwenyewe.

Umbo hilo lililotanuka kuelekea ncha wanaliita niuweidao, mkia wa ng'ombe. Ni la karne ya 19, la raia, walinzi na waasi, si la majeshi ya mfalme. Sasa huyo jemadari wa muuzaji wako katokea wapi?

Lakini sihukumu, sijaushika. Ukinibana, nati ile siipendi. Na ukiwa wa kale kweli ndiyo balaa zaidi, maana vitu vya kabla ya 1911 Uchina haviachii vitoke hivi hivi. Nitumie vipimo viwili vya unene kabla hujatoa hata yuan moja.

Baba yako