Mkimbiaji anayesomea nyumbani na vyuo vya Ivy League

Dada, umeuliza kama binti yako, mkimbiaji wa mita 1500 anayesomea nyumbani huko Minnesota, ana nafasi Ivy League, kundi la vyuo vikuu 8 maarufu vya Marekani. Anayo, ila msingoje kocha aje kumtafuta. Na mjue mapema kwamba vyuo hivyo 8 havitoi ufadhili wa michezo. Msaada wa ada hutegemea kipato cha familia.

Kazi kubwa ni makaratasi, na hapo nakusihi uanze leo. Ivy ni Division I, daraja la juu la michezo ya vyuo, kwa hiyo NCAA, chombo kinachosimamia michezo hiyo, itataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, na 10 kati yake yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza. Kwa mtoto anayesomea nyumbani, mzazi ndiye anayeandaa maelezo ya kila somo: vitabu vilivyotumika, nani alifundisha, alipimwaje. Masomo mawili matatu ya chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) pamoja na alama nzuri za SAT, mtihani wa kuomba vyuo, yatamsaidia mno, maana ofisi ya udahili inapata kipimo kisichotoka kwa mama yake.

Mbio ndiyo sehemu nyepesi. Aingie mashindano ya wazi yanayopima muda kwa mitambo, kisha awaandikie makocha yeye mwenyewe, si wewe. Kocha akivutiwa, ataomba matokeo ya masomo kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho ili ofisi ya udahili iyapitie. Neno la kocha kwenye simu bado si nafasi. Msikatae vyuo vingine mpaka barua ya udahili iwe mkononi.