Ibada ya kimya ya Marafiki ikoje?

Dada, umeuliza utarajie nini kwenye ibada ya Quaker (ndio hao hao Marafiki, dhehebu la Kikristo) huko Uingereza, wewe uliyelelewa katika Kanisa la Marafiki kule Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Kwanza, usitegemee kwaya wala mahubiri. Wamisionari waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka Marekani, upande wa Marafiki wenye wachungaji na nyimbo, ndiyo maana ibada zetu ziko vile. Uingereza wameshika utaratibu wa tangu enzi za George Fox, mwanzilishi wa Marafiki, karne ya 17: watu wanakaa kimya wakingojea, kwa kawaida saa nzima.

Utakuta viti vimepangwa kuzunguka meza. Mimbari hakuna. Wa kwanza akishaketi, ibada imeanza. Dakika za mwanzo ndizo ngumu: tumbo linanguruma, mawazo yanakimbilia sufuria uliyoacha jikoni. Usijilaumu, yarudishe taratibu. Mtu akisukumwa na Roho husimama, akasema maneno machache, akaketi. Hajibiwi wala hapingwi. Kimya kinarudi ili neno lizame. Kuna siku hasemi mtu yeyote, na hiyo nayo ni ibada kamili. Mimi hizo ndizo nazipenda zaidi. Wewe hulazimiki kusema lolote.

Wazee wawili wakipeana mikono, imekwisha. Nawe mpe mkono jirani yako. Yanafuata matangazo, kisha chai. Usiikimbie hiyo chai, dada, hapo ndipo utakapouliza yote yaliyokukaa moyoni.