Kodi ikiondolewa, nitaiona wapi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu yuko Marekani, ananiambia huko kuna watu wanadai kodi ya mauzo iondolewe kwenye kondomu na vidonge vya kuzuia mimba, kwa faida ya afya ya jamii. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nina watoto wanne, wananitosha. Nachoma sindano kila miezi mitatu. Hapa kwetu hilo lingenisaidia?
Mama Wanne, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kule kila jimbo lina lake. Oregon haina kodi ya mauzo kabisa. Kwingine dawa ya cheti cha daktari kwa kawaida haitozwi, ila isiyohitaji cheti mara nyingine hutozwa. Sasa mwaka 2023 kidonge cha kuzuia mimba kiitwacho Opill kikaruhusiwa kuuzwa bila cheti: mwanamke kaepushwa na foleni ya daktari, kakutana na kodi dirishani!

Sisi tuna VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida asilimia 18. Kitu cha shilingi 2,000 chenye VAT ndani yake, kama 305 ni za serikali. Si haba. Lakini mimi nimeuza duka la dawa Igogo miaka 14, na ya pedi sijayasahau. Bajeti ya 2018 iliziondolea VAT. Nikabandika karatasi mlangoni, bei inashuka. Mzigo mpya ukaja na bei ileile, wasichana wa shule wakaniona mimi ndiye mwizi. Mwaka 2019 serikali ikairudisha kodi, ikisema mlaji hakuona nafuu. Tatizo mojawapo ni kwamba bidhaa ikisamehewa tu, kiwanda hakirudishiwi VAT iliyolipwa kwenye malighafi, kwa hiyo kinaibebesha bei. Anayedai, basi, adai VAT ya asilimia sifuri: hapo kiwanda hurudishiwa ile ya malighafi.

Wewe sasa. Vituo vya serikali hutoa uzazi wa mpango bure, kwa hiyo kodi si mzigo wako. Kinachokula pesa yako ni zile asubuhi nne kwa mwaka uko kwenye foleni huku magunia kutoka visiwani yanashushwa. Muulize muuguzi kuhusu kijiti cha mkononi. Kipo cha miaka 3, kipo cha miaka 5. Mweleze na dawa nyingine unazotumia. Nenda siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamezima taa zao na Mwaloni hakuna mzigo.