Kuyeyushia nta: mashine ya umeme au sufuria?

Dada, umeuliza kama ununue mashine ya umeme ya kuyeyushia nta ya mishumaa au utumie sufuria tu: kwa hizo kilo mbili tatu za kuanzia, mashine ya umeme iache kwanza. Chukua sufuria pana, tia maji, halafu simamisha ndani yake jagi la stenlesi lenye mdomo wa kumiminia, nta iwe ndani ya jagi. Chini ya jagi weka kitambaa kilichokunjwa lisigusane na kitako cha sufuria. Aina nyingi za nta ya parafini huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65 za Selsiasi, ya nyuki karibu 63, na maji yanayochemka hayapiti 100, kwa hiyo haitaungua. Ukiiweka moja kwa moja juu ya gesi, ikizidi joto hulipuka moto kama mafuta ya kukaangia. Ikitokea, zima jiko, funika na mfuniko, usimwagie maji kabisa! Jiko la mkaa silipendi kwa kazi hii, huwezi kupunguza moto haraka.

Hela inayobaki nunua kipimajoto, bila hicho manukato utayatia kwenye nta kwa kubahatisha joto. Oda zikifika kilo kumi kwa mkupuo, hapo ndipo utafute tangi la umeme lenye koki chini na swichi ya kurekebisha joto.